Kifaru kibovu na kifaru kilichopotea: kisa cha Batalioni ya 51 huko Kursk, Julai 1943

Jioni ya tarehe 10 Julai 1943, siku ya sita ya mapigano ya Kursk, Urusi, katika Vita vya Pili vya Dunia, rejimenti ya Kijerumani iliyopewa vifaru 200 vipya vya Panther ilikuwa na 10 tu vinavyoweza kupigana. Namba hiyo imerudiwa sana, na wengi wanaoirudia huishia hapo: gari lilikuwa bovu, basi. Lakini kesho yake jioni vilikuwa 38. Hakikuletwa kifaru kipya hata kimoja. Jumla ilikuwa ile ile 200, ila mafundi walikuwa wamekesha.

Kisa kinachochambuliwa hapa kimo ndani ya tofauti ya hizo jioni mbili, na katika yale yaliyotokea wiki chache baadaye, wakati mafundi hao hao hawakuwa tena na uwanja wa kufanyia kazi. Batalioni inayofuatiliwa ni ya 51. Kwa kuwa iliingia vitani pamoja na dada yake, ya 52, na ripoti zikaandikwa kwa pamoja, namba nyingi ni za zote mbili. Majina ya maofisa wa batalioni, kombania na rejimenti yameachwa makusudi. Wanatajwa kwa vyeo vyao.

Batalioni na gari lake

Batalioni ya 51 iliundwa Januari 1943 kutokana na batalioni ya pili ya Rejimenti ya 33 ya vifaru. Mwezi uliofuata ikaundwa ya 52 kutokana na batalioni ya kwanza ya Rejimenti ya 15. Wengi wa askari hawa walikwisha kupigana upande wa mashariki, kwa hiyo vita havikuwa vigeni kwao. Kilichokuwa kigeni ni gari. Kambi yao ya mafunzo ilikuwa Grafenwöhr, Bavaria.

Muundo ulikuwa mkubwa kuliko kawaida ya wakati ule. Platuni ilikuwa na vifaru 5, kombania ilikuwa na platuni 4 pamoja na vifaru 2 vya makao yake, yaani 22. Kombania 4 pamoja na vifaru 8 vya makao ya batalioni zinafanya 96. Batalioni mbili ni 192, na makao ya Rejimenti ya 39 iliyoziunganisha yalikuwa na 8. Ndiyo 200 hiyo.

Panther yenyewe ilizaliwa kutokana na mshtuko. Mwaka 1941 Wajerumani walikutana na T-34 ya Kisovieti na kugundua kwamba vifaru vyao vya kati vilikuwa nyuma kwa mzinga, kwa deraya na kwa upana wa minyororo. Mchoro wa kampuni ya MAN ulichaguliwa Mei 1942, na Januari 1943 magari ya kwanza yalikuwa yanatoka kiwandani. Miezi minane kutoka karatasi hadi chuma ni muda wa kutisha kwa gari la aina hiyo. Zaidi ya MAN, viwanda vya Daimler-Benz, Henschel na MNH ya Hannover navyo viliingizwa katika kazi.

Hesabu ya uzito ndiyo iliyozaa matatizo mengi. Gari lilianza kufikiriwa kama kifaru cha tani 30 hivi. Lilipofika mikononi mwa askari lilikuwa tani 43 na ushei, likiwa tayari kwa vita karibu 45. Deraya ya mbele ya mwili ilikuwa milimita 80, iliyolazwa nyuzi 55 kutoka wima, na uso wa mnara milimita 100. Mzinga ulikuwa wa sentimita 7.5 wenye mtutu mrefu wa L/70 (urefu wake ni mara 70 ya kipenyo cha tundu lake), na risasi 79 za mzinga zilipangwa ndani. Ubavu wa chini ulibaki milimita 40 tu. Tani zile zilizoongezeka zilikwenda mbele, lakini viungo vinavyosukuma gari havikukua kwa kiasi hicho. Fundi wa malori ataelewa mara moja: lori la tani saba likibebeshwa kumi, chasisi inaweza kuvumilia, ila difu itakulilia njiani.

Katika Panther, difu iliyolia ilikuwa ni gia za pembeni. Injini ilikaa nyuma. Nguvu yake ilipita kwa shafti chini ya sakafu ya mnara hadi kwenye giaboksi ya ZF iliyokuwa mbele, miguuni mwa dereva, yenye gia saba za kwenda mbele na moja ya kurudi nyuma. Kutoka hapo ikaingia kwenye mtambo wa kukata kona, kisha kwenye seti ya mwisho ya gia kila upande, ambayo ndiyo iliyozungusha gurudumu la meno linalovuta mnyororo. Seti hiyo hubeba msukumo wote wa injini ukiwa umekwisha kuzidishwa na gia zilizotangulia. Gia za sayari, ambazo hugawanya mzigo kwa meno mengi kwa pamoja, zingefaa zaidi. Mashine za kuchonga gia za aina hiyo zilikuwa haba Ujerumani wakati huo, kwa hiyo yakatumika magurudumu ya meno ya kawaida, jozi mbili mfululizo, mzigo wote ukibebwa na meno machache.

Injini nayo ilikuwa na yake. Maybach HL 230 ilikuwa na silinda 12, lita 23, na nguvu farasi 700 kwa mizunguko 3,000 kwa dakika. Magari ya mwanzo kabisa yalikuwa na HL 210, ndogo kidogo. Chumba cha injini kilizibwa vizuri ili gari liweze kuvuka mto likiwa limezama, na ziba hiyo ilizuia hewa. Petroli ilivuja kwenye pampu na kwenye viungio vya karbureta, oili ikatiririka kutoka kwenye gasketi za vifuniko vya valvu ikaangukia eksozi za moto. Mvuke wa petroli ndani ya chumba kisichopumua unasubiri cheche tu. Kuna gari lililochemsha, kuna lililonoki, na kuna lililowaka moto bila adui kuwa karibu.

Miezi ya kukimbizana na kalenda

Amri ya operesheni ya Zitadelle, yaani shambulio la Wajerumani la Kursk, iliyotolewa tarehe 15 Aprili 1943, ilitaka mashambulizi yawezekane kuanzia tarehe 3 Mei. Tarehe ikasogezwa, ikasogezwa tena. Hitler alitaka Panther ziwepo, na viwanda vilikuwa vimeagizwa kutoa 250 kufikia tarehe 12 Mei.

Magari yalitoka kiwandani na kasoro nyingi kiasi kwamba yalilazimika kurudishwa kufumuliwa na kuundwa upya, hasa katika kiwanda cha Demag huko Falkensee karibu na Berlin. Watu wa nje huona hapa ucheleweshaji wa kiufundi tu. Kwa batalioni maana yake ilikuwa kwamba gari halipo kambini. Likiwa Falkensee, dereva hajifunzi kuligeuza kwenye matope, mpiga mzinga hajifunzi kukadiria umbali, na kamanda wa kombania hana vifaru 22 vya kuvipanga shambani. Watu walijifunza kwa vikundi vidogo. Mazoezi ya ngazi ya platuni yalifanyika. Ya kombania nzima au batalioni nzima hayakufanyika ipasavyo.

Heinz Guderian, aliyekuwa mkaguzi mkuu wa majeshi ya vifaru tangu mwanzo wa masika, alisema wazi kwenye mkutano wa Munich tarehe 4 Mei kwamba Panther ilikuwa bado na magonjwa ya utotoni. Alirudia onyo hilo Juni. Amri ya kwenda ikabaki pale pale.

Behewa za reli zilianza kushusha vifaru magharibi mwa Belgorod siku za mwisho kabla ya shambulio. Watu walitoka kwenye treni wakaingia kwenye msafara, na kutoka kwenye msafara wakaingia vitani. Hawakupata muda wa kuukagua uwanja kwa miguu, wala wa kuzoeana na divisheni watakayopigana nayo. Katika msafara wa kutoka relini Panther 2 ziliungua kabisa kwa moto wa injini. Hizo ndizo hasara mbili za kwanza za kifaru hiki vitani, na adui hakuhusika.

Yaliyotokea, siku kwa siku

Tarehe 5 Julai asubuhi Panther 184 zilikuwa tayari. Zilipigana pamoja na divisheni ya Großdeutschland, ndani ya Kikosi cha 48 cha Vifaru cha Jeshi la 4 la Vifaru. Lengo la kwanza lilikuwa kijiji cha Cherkasskoye. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Mbele ya kijiji kulikuwa na korongo lenye tope, na korongo hilo lilikuwa limepandwa mabomu ya ardhini kwa wingi.

Vifaru vya mbele viliingia korongoni vikakwama. Vilivyofuata vilijaribu kupita pembeni, vikakanyaga mabomu. Bomu la ardhini la wakati ule halikuua Panther. Lilikata mnyororo, likang'oa magurudumu mawili matatu, na kazi ya kurekebisha ilikuwa ya saa kadhaa, lakini gari lililokatwa mnyororo mbele ya bunduki za adui halirekebishwi mchana. Wahandisi wa kutegua mabomu walikuwa wachache na walifanya kazi chini ya mizinga. Panther ya tani 45 inayojikwamua topeni ni mtihani mbaya kuliko wote kwa gia za pembeni: dereva anakanyaga mafuta, mnyororo umeshikwa, meno yanabeba kila kitu. Hapo ndipo zilipovunjika nyingi za siku ya kwanza.

Jioni ya tarehe 6 hesabu ilikuwa 166. Jioni ya tarehe 7 ilikuwa 40.

Katika siku hizo mbili batalioni zilipenya safu ya kwanza na kukutana na vifaru vya Jeshi la 1 la Vifaru la Kisovieti, vingi vikiwa vimefukiwa ardhini hadi mnara, pamoja na mizinga ya kupambana na vifaru iliyopangwa ipige kwa pembe. Kwa uso, Panther ilitamba. Risasi ya milimita 76 ya T-34 iliteleza kwenye bamba la mbele, wakati mzinga wa Panther uliitoboa T-34 kwa mbali sana. Lakini Panther zilisonga mbele kwa kundi kubwa bila ulinzi wa pembeni, na kila zilipokata kona kukwepa uwanja wa mabomu zilimwonyesha adui ubavu. Milimita 40 zilitoboka hata kwa mzinga wa milimita 45 wa karibu, na nyuma ya bamba la pembeni kulikuwa na risasi za mzinga zilizopangwa. Risasi hizo zikiwaka, gari halina la kutengenezwa.

Jioni ya tarehe 10 ripoti iligawanya vifaru 200 hivi:

- 10 vinapigana mbele;
- 25 vimepotea kabisa: 23 vilipigwa vikaungua, na vile 2 vya msafarani;
- 100 vinasubiri matengenezo: 56 vimeharibiwa na risasi na mabomu, 44 vimeharibika vyenyewe;
- karibu 40 vimekwisha kutengenezwa na viko njiani kurudi mbele;
- karibu 25 bado viko uwanjani, havijavutwa.

Asilimia 60 ya hitilafu zile za kimakanika zilihesabiwa kuwa nyepesi kurekebishwa. Tarehe 11 jioni: 38 vinapigana, 31 vimepotea, 131 karakana.

Msomaji mwingine atauliza kuhusu pigano mashuhuri la vifaru la Prokhorovka, tarehe 12. Panther hazikuwepo. Vita vile vilipiganwa na kikosi cha SS upande wa kulia, ambacho hakikuwa na Panther hata moja, ingawa picha na simulizi zimeziweka huko mara nyingi. Siku hizo Batalioni ya 51 na ya 52 zilikuwa upande wa magharibi, zikisaidia Großdeutschland kurudisha ardhi iliyopotea. Tarehe 13 Hitler aliamua kusimamisha Zitadelle. Washirika walikuwa wameshatua Sicily tarehe 10, na Wasovieti walianza shambulio lao la Orel tarehe 12.

Maamuzi manne na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusubiri Panther. Kwa karatasi ulieleweka: vifaru vya zamani visingevunja safu ya Kursk bila msaada. Upande wa pili wa mizani ni kwamba kila wiki ya kusubiri ilimpa adui wiki ya kuchimba na kupanda mabomu. Mabomu ya Cherkasskoye yalipandwa katika miezi ile ile ambayo Panther zilikuwa zikifumuliwa Falkensee.

Wa pili ulikuwa kuzikusanya zote 200 mahali pamoja. Silaha mpya ikitawanywa, hoja ilikwenda, nguvu yake inapotea na siri yake inatoka kidogo kidogo. Hoja hiyo si ya kipuuzi. Lakini kukusanya magari 200 yanayougua ugonjwa mmoja maana yake ni kuzielekeza hitilafu zote kwenye karakana moja, barabara moja na akiba moja ya spea.

Wa tatu ulikuwa wa uongozi. Makao mapya ya brigedi yalitakiwa kuongoza rejimenti ya Panther pamoja na rejimenti ya vifaru ya Großdeutschland. Makao hayo hayakuwa yamekaa sawa, na kamanda wa brigedi na wa rejimenti ya divisheni hawakuelewana. Vifaru vya kisasa kuliko vyote duniani viliingia korongoni bila mtu mmoja mwenye kauli juu ya nani apite wapi, na saa za kwanza, zilizokuwa na thamani kuliko zote, zikaliwa na foleni.

Wa nne hauandikwi sana: kupeleka batalioni bila vyombo vya kutosha vya kuvuta. Kifaru cha tani 45 kilihitaji magari mawili au matatu ya nusu-minyororo ya tani 18 yakiwa yamefungwa pamoja, na kwenye tope hata hayo yalihangaika. Toleo maalumu la Panther la kuvuta wenzake lilikuwa ndiyo kwanza linaanza kutoka kiwandani. Wafanyakazi wa vifaru wakafanya kile ambacho kila dereva hufanya mwenzake akikwama: wakafunga waya na kuvuta kwa Panther nzima. Mara nyingi jioni ilikuta Panther mbili mbovu badala ya moja, kwa sababu gia za pembeni zisizoweza kubeba tani 45 haziwezi kubeba 90.

Ndani ya karakana

Karakana ya batalioni ilifanya kazi nzuri, na hili lisemwe bila kusitasita. Kutoka 10 hadi 38 kwa siku moja si jambo dogo.

Hata hivyo kazi zilitofautiana sana kwa saa. Mnyororo uliokatwa na magurudumu yaliyong'oka vilirekebishwa na wafanyakazi wa kifaru wenyewe pamoja na mafundi wawili watatu, ilimradi kuna pini na magurudumu ya akiba. Rimu zilizolegea zilikuwa kero ya kila siku: bolti 16 zilizoshika ringi ya mpira zilikatika. Pampu ya mafuta na viungio vyake vilibadilishwa kwa kuingia juu ya sitaha ya injini. Gia za pembeni ziliweza kuondolewa kwa nje baada ya kukata mnyororo na kutoa gurudumu la meno, lakini seti nzima ni nzito na inahitaji winchi.

Injini ilihitaji kreni, na ilipofika nje ilibidi ile mpya iwepo tayari ikisubiri. Giaboksi ilikuwa kazi mbaya kuliko zote. Ilikaa mbele, chini ya dari ya dereva na mwenzake wa redio, na ili kuitoa ilibidi bamba la dari lifunguliwe na sehemu yote ya dereva ifumuliwe kwanza. Kwa hiyo giaboksi iliyokufa Jumatatu iliweza kumweka kifaru karakana wiki nzima, hata kama mafundi ni hodari. Tena viwanda vilibanwa kutoa magari kamili. Gia na injini ambazo zingekuwa spea zilifungwa kwenye gari jipya ili hesabu ya mwezi itimie.

Hapa ndipo namba za tarehe 10 zinapotakiwa kusomwa upya. Kundi la kutazamwa kwanza ni lile la Panther 25 zilizokuwa bado uwanjani. Gari lililoko karakana ni gari lako. Lililoungua si la mtu. Lililoko uwanjani, limekatwa mnyororo, giaboksi nzima, mzinga mzima, ni la atakayeishika ile ardhi usiku wa kesho. Kwa siku chache za Julai Wajerumani waliishika, kwa hiyo mengi yaliokolewa.

Hesabu ya mwisho

Tarehe 20 Julai mgawanyo ulikuwa: 41 vinapigana, 85 vinatengenezeka, 16 vimeharibika kiasi cha kurudishwa Ujerumani, 56 vimeungua kwa kupigwa na adui, 2 vimeungua kwa moto wa injini. Yaani baada ya wiki mbili za vita vikali kuliko vyote vya majira yale, hasara ya moja kwa moja ilikuwa 58 kati ya 200. Ni nyingi, lakini si lile janga ambalo namba ya 10 inaliashiria.

Karibu na wakati huo Batalioni ya 51 ilikabidhi Panther zake zilizobaki kwa ya 52, ikaenda kwa reli eneo la Bryansk kupokea 96 mpya. Kwa makaratasi ilikuwa batalioni kamili tena. Kwa mafundi wa ya 52, ilikuwa mzigo wa batalioni mbili kwenye karakana moja.

Tarehe 3 Agosti Wasovieti walianza shambulio lao kuelekea Belgorod na Kharkov. Belgorod ilianguka tarehe 5. Tarehe 11 Agosti hesabu ya Panther zilizopotea kabisa ilifika 156, na zilizokuwa zinapigana zilikuwa 9.

Kutoka 58 hadi 156 kwa siku 22, tena baada ya shambulio kubwa la Wajerumani kusimama. Sehemu ya hizo zilipigwa vitani kweli. Nyingine zilikuwa katika lile fungu la 85 zinazotengenezeka: zilisubiri giaboksi, zikasubiri treni, zikasubiri gari la kuvuta, mpaka safu ya mbele ikazifikia pale zilipoegeshwa. Waliorudi nyuma wakazilipua wenyewe au wakaziacha. Hitilafu ilikuwa ya Julai, hasara ikaandikwa Agosti.

Uchambuzi: lawama iende wapi

Maelezo mepesi ni mawili, na yote mawili hayatoshi. La kwanza linasema Panther ilikuwa gari bovu. Kati ya magari 100 yaliyosubiri matengenezo tarehe 10, 44 yaliharibika yenyewe na 56 yaliharibiwa na adui, na zaidi ya nusu ya yale 44 yalikuwa na hitilafu nyepesi. Ubovu ulikuwepo, ulikuwa mkubwa, ila peke yake hauzai 156. La pili, ambalo maofisa wengine walilipenda, linasema gari lilikuwa zuri na amri za juu zikaliharibu. Gia za pembeni haziharibiwi na amri. Zilivunjika kwa sababu zilikuwa dhaifu.

Ripoti ya Guderian ya katikati ya Julai ilikaribia ukweli zaidi: deraya ya mbele na mzinga vilisifiwa, ubavu ukatajwa kuwa hatari, moto wa risasi za ndani ukatajwa, na mbinu zikakosolewa kwa kuwa vifaru viliingia kwa wingi bila njia zilizosafishwa mabomu na bila kinga ya pembeni. Tume ya Kisovieti nayo, iliyokagua Panther 31 zilizoachwa uwanjani, iliona jambo hilo hilo kutoka upande wa pili: bamba la mbele halikutobolewa na milimita 76, matundu yalikuwa ubavuni na nyuma. Kuanzia hapo maelekezo yao kwa wapiga mizinga yalikuwa wazi, ngoja igeuke.

Kinachokosekana katika ripoti nyingi ni jinsi hasara hizi zilivyofungamana. Magari kwenda Falkensee kuliiba muda wa mazoezi. Dereva asiye na mazoezi alivunja gia topeni kwa urahisi zaidi kuliko mzoefu. Gia iliyovunjika ilihitaji gari la kuvuta ambalo halikuwepo, kwa hiyo Panther nzima ikavuta na kuvunjika. Karakana ikajaa, na karakana iliyojaa haihami haraka safu ikirudi nyuma. Ukitafuta pete dhaifu kuliko zote katika mnyororo huu, ni uvutaji. Pale ndipo kifaru kibovu kilipogeuka kifaru kilichopotea, na pale ndipo magari kumi na mbili au ishirini ya nusu-minyororo yangebadilisha hesabu kuliko Panther nyingine hamsini.

Je, kuahirisha tena kungesaidia? Pengine gari lingepona zaidi, na mazoezi yangekamilika. Lakini Cherkasskoye ingekuwa na mabomu mengi zaidi, na Sicily isingengoja. Kilichowezekana ndani ya kalenda ile ile ni kuipeleka batalioni moja badala ya mbili, ikiwa na vyombo vya kuvuta na spea za zote mbili, na kuibakisha nyingine Grafenwöhr imalize mazoezi kwa magari yaliyokuwa yakitoka Falkensee.

Kilichorekebishwa, na kisichorekebishwa

Matengenezo yalianza haraka. Rimu zilipewa bolti 24 badala ya 16. Mizunguko ya injini ikawekewa kikomo cha 2,500 kwa dakika kuanzia Novemba 1943, na krankshafti ya injini ikaongezewa beringi. Panther za kuvuta zikaanza kuingia kwenye batalioni. Kufikia masika ya 1944 ripoti za kutoka mbele zilizungumzia injini zinazodumu kilomita 700 hadi 1,000, jambo ambalo mafundi wa Julai 1943 wangelicheka.

Gia za pembeni zilibaki zile zile mpaka vita vinaisha. Baada ya vita jeshi la Ufaransa lilitumia Panther ilizoziokota, na tathmini yake ya mwaka 1947 iliandika kwamba seti ya gia za pembeni ilidumu kwa wastani wa kilomita 150.